Usihamie nyumba kabla hujaikagua: Choo kisichojaa kinakwenda wapi?

 

Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inaacha kidogo habari za vidonge na sindano, tuzungumzie nyumba. Si nyumba ya Akhera, ambayo masheikh wetu wanatukumbusha kila Ijumaa, bali hii ya tofali na bati unayotaka kuhamia mwisho wa mwezi huu.

Hapa Mwanza watu wanahama kila siku. Anayetafuta nyumba anamwona dalali, anazungushwa Nyakato, Mabatini, Igogo, Nyegezi mpaka Buhongwa, na maswali yake ni yale yale. Kodi kiasi gani? Miezi mitatu au sita? Umeme tunachangia au kila mtu na LUKU yake? Msikiti uko mbali? Mama naye anatazama jiko, uzio na kama kuna stara. Maswali hayo yote ni mazuri. Lakini mara chache sana nimesikia mtu akiuliza: mvua ikinyesha, maji ya mlimani yanapita wapi? Na choo hiki kikijaa, uchafu wake unakwenda wapi?

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Choo kilichonifurahisha

Miaka michache iliyopita, nikiwa tayari tabibu mwenye cheti na kazi, nilipanga vyumba viwili katika mtaa mmoja wa mlimani hapa jijini. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa heshima, tunaswali naye safu moja. Aliponitembeza alifika chooni akasema kwa fahari: "Kijana wangu, choo hiki kina miaka kumi na mbili, hakijawahi kujaa hata siku moja." Nikasema Alhamdulillah, nikahesabu fedha za miezi sita, nikampa.

Ndugu msomaji, tazama ujinga wa msomi. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji wanne, jumla yetu tulikuwa watu kumi na wanne. Mlima ule ni mwamba mtupu. Ukichimba mita moja na nusu unagonga jiwe. Shimo fupi, watu kumi na wanne, miaka kumi na miwili, na halijai. Mtoto wa darasa la nne angeuliza swali. Mimi niliyefundishwa afya ya mazingira na kufanya mtihani wake sikuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa linanipa raha.

Jibu lilikuja lenyewe wakati wa masika. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha, nikaamka kufunga dirisha. Nikaona mwanga wa tochi nyuma ya choo. Kijana wa mwenye nyumba alikuwa anachomoa tambara lililoziba bomba lililotokeza chini ya ukuta wa shimo. Uchafu wote ukaingia kwenye mfereji pamoja na maji ya mvua, ukateremka. Wenyeji wa Mwanza hawahitaji nieleze zaidi. Hiyo ndiyo inaitwa kutapisha choo.

Siku nne baadaye, nikiwa zamu, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka mitatu. Anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Tukamtundikia dripu haraka. Wakati maji yanaingia nikamuuliza bibi, kama tunavyouliza siku zote, "Bibi, maji ya kunywa mnachota wapi?" Akanieleza kisima chao kilipo: chini ya mawe mawili makubwa, pembeni ya mfereji, ukishuka kutoka kwenye nyumba yenye geti la bluu.

Geti la bluu lilikuwa la nyumba yetu.

Mtoto alipona kwa rehema za Allah. Sikuwa na kipimo cha maabara cha kuthibitisha kwamba uchafu ule ulitoka kwenye choo chetu. Vyoo vinavyotapishwa katika mlima ule ni vingi. Lakini sikuhitaji maabara ili kujua kwamba mimi ni mmoja wa waliokuwa wanawanywesha watu wale. Nilimweleza bibi ukweli, nikamwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Baba, sisi huku chini mvua ikinyesha usiku tunajua asubuhi kutakuwa na harufu gani. Tulikuwa hatujui tu majina ya wenye nyumba."

Nilimwendea yule mzee. Akaniambia niache ukorofi, mlimani kote ndivyo ilivyo. Nikamwita bwana afya wa kata, bomba likazibwa kwa saruji, na mimi nikapewa notisi. Sijutii notisi. Ninajuta kwamba sikuuliza siku ya kwanza.

Kukagua ni ibada, si ukorofi

Watu wengi wanaona haya kukagua nyumba. Wanaona ni kumdhania vibaya mwenye nyumba, tena akiwa Mwislamu mwenzao. Wengine wanasema ajali haina kinga, lililoandikwa limeandikwa, wewe sema Bismillah uingie. Nasema kwa heshima zote, hiyo si tawakkul. Kisa cha bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kila mtoto wa madrasa anakijua. Kwanza alitakiwa amfunge, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Katika nyumba, kamba ya ngamia ni kukagua.

Na walimu wetu walitufundisha kanuni kubwa ya fiqhi kwamba dhara haikubaliki, iwe ya kujidhuru wewe au ya kumdhuru mwenzako. Angalia kanuni hiyo ina pande mbili. Sisi tukikagua nyumba, huwa tunatazama upande mmoja tu, yaani nyumba hii itanifanya nini mimi na watoto wangu. Upande wa pili hatuutazami kabisa: nikiishi humu, nitamfanya nini jirani yangu? Ndiyo maana mimi nasema, na huu ndio msimamo wangu katika makala haya, kwamba Mwislamu hajakagua nyumba mpaka ateremke chini ya nyumba ile akaone inamwaga nini na kwa nani.

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kujisaidia katika maji yaliyotuama, njiani wanakopita watu na kivulini wanapopumzika. Mfereji wa mlimani ni njia ya watu na pia ni njia ya maji. Anayetapisha choo humo anayatenda yote kwa mpigo mmoja, halafu asubuhi anachukua udhu kwenda msikitini.

Nenda mvua ikishanyesha

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza kabisa, usikague nyumba mara moja, na usikague wakati wa kiangazi tu. Mwezi wa saba Mwanza kila nyumba ni kavu na nzuri. Ukiweza, nenda baada ya mvua ya vuli au masika. Ukishindwa, soma alama ambazo mvua imeziacha. Tazama ukutani, nje na ndani, kama kuna mstari wa tope au rangi iliyobabuka usawa wa goti. Tazama msingi kama udongo umeliwa na kubakiza mawe. Tazama kama majirani wamejenga vizingiti virefu mlangoni au wamepanga viroba vya mchanga, kwani mtu hapangi viroba kwa ajili ya urembo. Kisha muulize mtoto au mama wa nyumba ya jirani, "Mvua kubwa ya mwisho maji yalifika wapi?" Dalali atakuficha, jirani hana sababu ya kukuficha.

Mlimani, inua macho juu. Mawe yetu ndiyo sifa ya mji huu, lakini jiwe lililosimama juu ya udongo unaoliwa na maji si pambo. Ukiona chini ya jiwe kumechimbwa mchanga au kifusi, au kuna ufa mpya kati ya jiwe na ardhi, au watu wamepasua mawe jirani kwa moto na nyundo ili wauze kokoto, usilaze watoto chini yake.

Bondeni, kaa mbali na njia ya maji. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kuingia ziwani, na mvua zikizidi huwa unarudi kudai eneo lake. Mwambaoni nako, wanaotafuta nyumba au viwanja pande za Igombe, Kayenze au Luchelele wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi waliona sheria hiyo ni ya kuwabana wanyonge. Kisha mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yakapanda hadi kufikia kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia tu, na mwaka 2024 yakapanda tena. Waliojenga ufukweni, katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, walihama na magodoro vichwani. Ziwa halina haraka, ndugu yangu. Linaweza kukaa miaka hamsini na kitu, likarudi.

Choo na maji

Hili ndilo jambo la kwanza kwa uzito, kwani kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vyote vinapita njia hii. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilienea mikoa mingi ya nchi yetu, Mwanza ikiwemo, na kanda hii ya ziwa ikaguswa tena mwanzoni mwa 2024. Uliza maswali manne.

Moja, choo hiki ni cha shimo, cha tangi au kimeunganishwa na bomba la majitaka? Baadhi ya mitaa ya milimani sasa imefikiwa na mabomba madogo ya majitaka yanayopita katikati ya mawe. Kama nyumba imeunganishwa, hiyo ni neema, ilipie hata kama kodi inazidi kidogo.

Mbili, kama ni shimo, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari liliingilia wapi? Kama gari haliwezi kufika na hakuna anayekumbuka kunyonya, basi unajua jibu. Zunguka nyuma ya choo, tazama ukuta wa shimo upande wa chini. Ukikuta bomba, tambara, jiwe lililochomekwa au majani yaliyostawi sana mahali pamoja wakati kwingine ni pakavu, umekipata.

Tatu, maji yanatoka wapi? Maji ya bomba ya MWAUWASA husafishwa na kutiwa dawa, lakini yakikaa wiki nzima kwenye tangi lisilo na mfuniko, lenye matope chini, dawa ile haina kazi tena. Panda utazame ndani ya tangi. Kama ni kisima, pima kwa hatua zako. Kati ya kisima na choo ziwe angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini. Hapa kwetu kwenye miamba hata mita 30 si dhamana, kwa kuwa uchafu hupita kwenye nyufa za jiwe bila kuchujwa na udongo. Kwa hiyo maji ya kisima cha mlimani yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au yatie dawa, hata kama ni meupe na baridi.

Nne, juu yako anaishi nani, na choo chake kiko wapi? Swali hili ni dogo, lakini lingemwepusha yule mjukuu na dripu.

Kwa wanaohamia karibu na ziwa kuna jambo jingine, nalo ni kichocho. Kichocho cha tumbo kimeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria. Mayai hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, yakaingia majini, vijidudu vikakulia ndani ya konokono, kisha vikatoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayevua au anayechukua udhu. Huhitaji kunywa, kugusa kunatosha. Mtu anaweza kukaa nacho miaka mpaka ini na bandama vikavimba akatapika damu. Kwa hiyo usitazame tu kama nyumba iko karibu na ziwa. Tazama kama ziwa ndilo bafu lake. Maji ya ziwa yakichotwa na kutunzwa siku mbili ndani ya chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho hufa, na maji hayo yanafaa kuoga na kuchukulia udhu. Kwa kunywa bado yachemshwe. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi vizuri, lakini ukimeza leo na kesho ukarudi kuoga pale pale, umeanza upya.

Hewa, moshi na stara

Ingia chumbani, funga mlango, simama dakika tano. Kama unasikia harufu ya ukungu au joto la kukuziba pumzi, fikiria watoto wanne wakilala humo usiku kucha. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na hewa iliyofungiwa ndiyo mbeba mzigo wake. Mwanga wa jua na upepo unaopita kutoka dirisha hadi dirisha ni dawa isiyouzwa.

Hapa nizungumze na familia zetu waziwazi. Sisi tunapenda stara, na ni wajibu wetu. Lakini nimeingia nyumba nyingi za Waislamu ambazo madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito mchana kutwa, na mama anayenyonyesha amekaa gizani na mtoto anayekohoa. Stara haikuja kutunyima pumzi. Chagua nyumba yenye madirisha ya juu, au yanayotazama uani. Weka pazia jepesi lisilopenyeka kwa macho bali lipenyeke kwa upepo. Weka wavu wa mbu, na ziba uwazi ulio kati ya ukuta na paa kwa wavu huo huo, kwani mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo usiku. Chandarua bado ni lazima.

Kisha uliza jiko liko wapi. Kama nyumba haina mahali pa kupikia ila korido au chumba cha kulala, ujue moshi utakuwa mpangaji mwenzako, na nimonia kwa watoto wadogo inamfuata moshi. Na kamwe, narudia kamwe, usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama mkaa umeshika majivu, hata kama ni usiku wa baridi na mvua, hata kama ni maharage tu yanamalizikia. Hewa ya sumu inayotoka katika mkaa haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi, na usingizi ule ndio mwisho. Mkiona watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Mtume (S.A.W.) aliusia moto na taa vizimwe kabla ya kulala, sisi matabibu tumekuja kueleza sababu moja tu kati ya hekima zake.

Umeme, moto na watoto

Muombe fundi umeme mwenye leseni atazame nyaya kabla hujalipa. Ujira wake ni mdogo kuliko kodi ya mwezi. Ukiwa peke yako, tazama kama swichi kuu ipo na inazima, kama kuna waya wa kushusha umeme ardhini, kama soketi zina alama nyeusi za kuungua, na kama kuna nyaya zilizofungwa kwa mifuko ya plastiki. Ukisikia mwenyeji anasema "bomba hili lina shoti kidogo, vaa ndala", hiyo si nyumba ya kuhamia mpaka itengenezwe. Shoti kidogo ya mtu mzima mkavu ni kifo cha mtoto aliyelowa.

Tazama madirisha yenye nondo. Nondo zinazuia mwizi asiingie, na moto ukiwaka zinakuzuia wewe usitoke. Septemba 2020 wenzetu wa Kyerwa, mkoani Kagera, walizika watoto 10 walioungua bwenini katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu. Allah awape subira wazazi wale. Kila chumba cha kulala kiwe na njia ya pili ya kutokea, au angalau dirisha moja lenye nondo zinazofunguka kwa ndani. Funguo za usiku zikae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani.

Kwa wenye watoto wadogo, tembea kwa urefu wao. Chuchumaa, kisha tazama. Tangi la maji la chini ya ardhi lina mfuniko unaofungwa? Tundu la choo ni kubwa kiasi gani? Ngazi za mawe zina mahali pa kushika? Kama kuna dari ya zege ambayo watu huanika nguo au kulala wakati wa joto, ina ukuta pembeni? Mtume (S.A.W.) alikataza kulala juu ya nyumba isiyo na kizuizi, karne kumi na nne kabla ya maafisa wa ujenzi.

Mwisho katika ukaguzi, uliza nyumba ilikuwa ikifanya kazi gani. Kama ni ya zamani na ina paa la asbestosi, usitoboe, usikate, usisugue, na usikinge maji yake, kwani vumbi lake likiingia mapafuni hukaa miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa. Kama palikuwa na karakana ya betri, au kama uko upande wa Geita na palikuwa pakichomwa dhahabu kwa zebaki, tafuta kwingine, hasa ukiwa na mke mjamzito. Sumu ya risasi na zebaki haifagiliki kwa ufagio.

Kwa wenye nyumba

Ndugu yangu mwenye nyumba, usidhani nimekusahau. Fiqhi ya kuuza na kukodisha inakutaka useme kasoro unayoijua kabla ya kupokea fedha, na inampa mpangaji haki ya kuvunja mkataba akikuta kasoro uliyoificha. Kodi uliyoipokea kwa kuficha bomba nyuma ya choo ina doa, hata kama sehemu yake umechangia msikiti. Na mficha maradhi kifo humuumbua. Isitoshe, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imempa afisa afya uwezo wa kukagua na kuamuru kero iondolewe. Usisubiri aje. Ziba bomba, nyonya shimo, na gharama yake ieleze wazi katika kodi. Mpangaji mwenye akili atakuelewa.

"Mnyonge hana kuchagua"

Najua kuna msomaji anasema, tabibu anaongea kama watu wote wana fedha za kuchagua. Ni kweli. Mtu mwenye elfu thelathini ya chumba hachagui sana. Kwa huyo nasema mambo mawili. Kwanza, karibu yote niliyoyataja hayagharimu kitu. Ni macho, miguu na maswali. Pili, gawanya kasoro katika mafungu matatu. Kuna unazoweza kuzirekebisha mwenyewe, kama wavu wa dirisha, mfuniko wa tangi na kupikia nje. Kuna za kuvumilia, kama rangi mbaya na umbali wa kituo cha daladala. Na kuna za kukataa hata kama kodi ni ya bure. Kwangu mimi za kukataa ni tatu, yaani nyumba iliyo njiani mwa maji au chini ya jiwe linalotembea, nyumba yenye umeme unaopiga, na nyumba ambayo choo chake kinaishia kwenye kisima cha mtu mwingine.

Najua hiyo ya tatu wengi hawataiweka katika fungu la kukataa, kwa sababu madhara yake hayatupati sisi. Ndiyo maana nimeiandikia makala nzima. Tunapohamia nyumba mpya tunafukiza udi, tunasoma Surat al-Baqara, tunaalika watu wale wali na nyama, tunaomba dua nyumba iwe na baraka. Ni mambo mema, tuendelee nayo. Lakini kabla ya kuwasha udi, teremka hatua hamsini chini ya nyumba yako. Ukimkuta bibi anachota maji, msalimie, mwulize yakoje.

Namwomba Allah atupe nyumba zenye nafasi, majirani wema, na atuepushe tusiwe jirani mbaya wa mtu.

Wabillahi tawfiq.